Mjomba Mfaume Alivyonikabidhi Chuoni

Mmeniuliza bombani, mmeniuliza kwenye simu, na Mwanahawa ameniuliza huku ananisuka, akinivuta nywele makusudi ili nisinyamaze. Yule mama mrefu niliyekuja naye msibani, asiyejua neno hata moja la Kimwera, aliyeitazama ming'oko, viazi vyetu vya porini, kana kwamba ni mizizi ya dawa, ilikuwaje akaitwa kwenye mkeka wa wajomba? Yeye ni nani kwetu? Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila niliyemsimulia ameongeza chake. Sasa naandika yote. Someni wenyewe, na atakayeniuliza tena nitamnyooshea kidole kwenye karatasi hizi.

Habari za kuomba chuo, vyeti na mihuri nimeziruka. Hazina ladha, na wengi wenu mmezipitia.

Nandagala hadi Mkotokuyana

Vyuo viwili vilinikubali. Kimoja kiko Mtwara, cha ualimu, katika mji mpole ambao ndugu zetu wamejaa. Kingine kiko Dar es Salaam, na huko ningesoma hisabati tupu, ile isiyohesabu magunia wala kupima mashamba. Kila mtu aliniambia niende Mtwara. Mwalimu wangu wa zamani alisema masomo magumu yanataka utulivu, na Dar hakuna utulivu, kuna honi, muziki na watu wasiolala.

Nilimjibu kwamba utulivu ninao tele. Nimekuwa nao Nandagala tangu nizaliwe. Nimekaa na swali moja kuanzia kupanda ufuta hadi kuvuna, nikidhani nimepata jibu, na hakuna mtu wa kuniambia nimekosea. Mbuzi hawabishi. Nilichagua jiji lenye kelele kwa sababu nilisikia kwamba huko kuna watu wanaokaa kwenye mabenchi na kubishana juu ya vitu visivyoshikika mpaka wanasahau kula. Nilitaka kelele hiyo, na niliitaka sana.

Baba hakupinga. Baba yuko Ruangwa mjini anatengeneza pikipiki, na anajua mipaka yake kama baba wengi wa kwetu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kauli ni ya mjomba. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kaskazini, ilinibidi kwanza nirudi kusini. Nilipanda bodaboda hadi Ruangwa, nikapata gari la Nachingwea lililosubiri abiria mpaka jua likawa kali, kisha bodaboda nyingine hadi Mkotokuyana kwa Mjomba Mfaume, kaka mkubwa wa mama.

Nilimkuta uani anatenganisha korosho na mabibo. Mnamkumbuka alivyokuwa: mrefu, mbishi, mwenye kofia iliyopigwa pasi hata akiwa shambani. Siku ile viatu vyake vya kamba alivivaa kama ndala, visigino vimekanyagwa. Nilidhani ni joto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Somoe. Umekuja kuaga au umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya. Huko Dar nnakokusikia, anakupokea nani?"

"Chuo, mjomba."

"Chuo ni nyumba. Nyumba haipokei mtu. Nnauliza mtu."

Mtu huyo sikuwa naye. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya watakaosoma bila kujua. Kwetu mtoto hapelekwi penye mafunzo akaachwa mlangoni kama mzigo. Anayeingia jandoni ana mtu wake, na anayeingia unyagoni ana kungwi wake. Anayempeleka humshika mkono, akauweka mkono ule ndani ya mkono wa anayempokea, na huyo husema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba amepokea. Tangu hapo hakuna mwingine wa kumchukua mtoto yule isipokuwa yule yule aliyemkabidhi. Mimi niliyapitia, na nakumbuka kiganja cha bibi aliyenipokea kuliko ninavyokumbuka aliyonifundisha.

"Nitakupeleka mwenyewe," mjomba alisema. "Nikimpata wa kumkabidhi, utabaki. Nisipompata tunarudi wote, na utakwenda Mtwara kwa mama yako mdogo. Usinibishie."

Nilitaka kumbishia. Lakini alikuwa ameshainuka kumfukuza kuku, tetea wa madoa, ambaye alisema ndiye atakayempa huyo mtu atakayenipokea. Alimkimbiza hatua chache tu akasimama, mkono kiunoni, anatafuta pumzi. Mimi ndiye niliyemkamata.

Nachingwea hadi Nangurukuru

Asubuhi alinipaka unga kidogo wa baraka kwenye paji la uso, akasema maneno yake kwa Kimwera, na tukaenda Nachingwea kupanda basi. Kuku alikuwa kwenye tenga dogo la makuti, kichwa nje. Kondakta alisema kuku anakwenda chini kwenye mizigo. Mjomba alisema kuku huyu ni mgeni rasmi, haendi chini. Walibishana mpaka abiria wakaanza kupiga makofi ya kejeli, na mwishowe kuku akakaa miguuni petu, akisafiri vizuri kuliko wengine waliosimama.

Basi lilizungukia Masasi, likapita Ndanda, likashuka Mtama na Mingoyo, likipakia watu na mikungu ya ndizi kila penye mwembe na benchi. Jirani yetu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu anayeuza kanga, amerudi kukusanya madeni yake vijijini. Alijitambulisha kuwa Mama Tausi. Alinitazama, akautazama unga uliokaukia usoni pangu, akamgeukia mjomba.

"Mzee, unampeleka binti kwa mabosi? Mwambie kabisa, nyumba za Dar zina kazi. Asikubali kufua usiku."

Nilimwona mjomba anavyovimba shingo. "Huyu hafui kwa mtu. Huyu anakwenda kusoma hesabu."

"Aa! Mhasibu! Hapo sawa. Atakuja kutukomboa kwenye chama cha msingi cha korosho."

"Si mhasibu."

"Sasa hesabu za nini?"

Mjomba alinitazama, akitegemea nimwokoe. Nilianza kueleza kwamba ni hesabu zisizo za kitu chochote, na kila neno nililoongeza lilizidisha giza. Mama Tausi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akafungua mfuko wake akanipa embe, kama mtu anavyompa embe mgonjwa. Mjomba aligeukia dirishani mpaka Lindi.

Tulipofika Nangurukuru basi lilisimama ili watu wapate kula. Wenzetu walikwenda kwenye chipsi na mishikaki. Sisi tulifungua ming'oko ya kuchemsha aliyoifunga mke wa mjomba, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Mjomba alinimenyea, kama alivyokuwa akinimenyea nikiwa mdogo, anang'oa nyuzi kwanza ndipo ananipa. Yeye alikula mmoja tu. Nilimwambia ale, akasema basi linamjaza hewa tumboni.

Mchepuko wa Somanga

Mbele ya Somanga masika iliyopita ilikuwa imebeba daraja, na magari yalikuwa yakipita pembeni, kwenye mchepuko wa mchanga, kwa zamu. Siku yetu roli la saruji lilikuwa limelalia ubavu katikati ya mchepuko. Foleni ilikwenda mpaka jicho linapokoma. Dereva wetu alizima injini, akatandika kanga ya mke wake chini ya basi, akalala. Hapo tukajua.

Mjomba alikaa juu ya karavati kuukuu lililobaki peke yake, bila barabara upande huu wala ule. Alivua viatu. Miguu ilikuwa imejaa, inang'aa, na pale alipojikuna kidole kiliacha shimo ambalo halikurudi haraka. Nilipomuuliza alisema ni kukaa sana. Mama Tausi naye aliiona, akanitazama mimi badala yake. Sikutaka kuelewa.

"Sasa niambie," mjomba alisema. "Nikifika huko nikaulizwa mtoto anasoma nini, siwezi kusimama kama nilivyosimama mbele ya huyu mama. Niambie kitu nnachoweza kukishika."

Nilifikiri kwa muda mrefu. Roli lilikuwa halijasogea hata kidogo.

"Mjomba, mwenye kauli kwetu nani?"

"Mimi."

"Kabla yako?"

"Marehemu Selemani, mjomba wangu mimi."

"Na baada yako?"

Alinitazama. "Bakari," alisema. Bakari ni mdogo wake.

"Selemani mnasema alikuwa mfupi, mkali, mvuta tumbaku. Wewe mrefu, mbishi. Mjomba Bakari mpole, hasemi. Watu watatu hawafanani hata kidogo. Lakini anayeamua harusi ni yule yule, anayegawa shamba ni yule yule, anayekabidhi mtoto ni yule yule. Hisabati ninayoitaka haimtazami Selemani, wala Mfaume, wala Bakari. Inaitazama ile nafasi tu, na namna inavyoungana na nafasi ya mama, ya mtoto, ya shangazi. Ukizijua kanuni za nafasi, umejua jambo ambalo ni kweli kwetu, kwa Wamakua, na kwa watu ambao hutawaona maisha yako yote. Na hujahesabu hata korosho moja."

Sijawahi kueleza vizuri hivyo, na nilijisikia fahari. Hata Mama Tausi alikuwa ameacha kutafuna. Mjomba aliivua kofia yake akaizungusha mkononi.

"Kwa hiyo mimi nikitoka, hesabu yako haitikisiki."

"Haitikisiki, mjomba."

Nilijibu haraka, kama unavyojibu darasani unapolijua swali. Yeye aliinama akaanza kuvaa viatu, kimoja kimoja, taratibu, ingawa tulikuwa hatuendi popote.

"Ni elimu ya kweli," alisema. "Ila haina huruma."

Roli lilivutwa jua likiwa limeshalegea. Tulipita Muhoro, Ikwiriri na Kibiti, kuku amelala miguuni petu.

Mbagala

Huko tulilala kwa binamu wa baba, ambaye ana chumba kimoja na televisheni kubwa kuliko kitanda. Walitupokea vizuri. Niliisikia kelele ya Dar kwa mara ya kwanza nikiwa nimelala chini kwenye mkeka: spika ya baa upande mmoja, mahubiri upande mwingine, na wauza kahawa wakigonga vikombe katikati. Mjomba alisema kweli mwalimu wangu alikuwa sahihi. Mimi nilitabasamu gizani. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaanza kulipenda jiji lile.

Chuoni

Asubuhi mjomba alivaa koti la harusi za watu, akashika tenga, tukaenda.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa karani, kijana nadhifu mwenye macho kwenye kompyuta. Mjomba alimsalimia, akaeleza alikotoka na kilichomleta. Karani, bila kuinua uso, alisema, "Mzee, tumeshampokea, jina lake lipo."

"Umempokeaje na mimi sijakabidhi? Hata hujamtazama."

"Tumempokea mzee, wewe nenda salama."

Mjomba, kwa kuwa neno la kupokea limeshatamkwa, akaona amalize. Aliushika mkono wangu akaupeleka ndani ya mkono wa karani. Kijana yule aliruka na kiti chake nyuma. "Mzee! Mimi nina mke!"

Foleni yote iliangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Alimwambia karani ampe salamu mkewe, akanigeuza begani tukatoka.

Wa pili alikuwa mama wa mabweni. Huyu naye alisema, "Tumempokea, lakini kuku haingii." Akaendelea kuwagawia wengine funguo. Mjomba alisubiri aongeze neno. Hakuongeza.

Tulikuwa tunapanda ngazi za jengo la madarasa kutafuta kivuli aliposimama katikati. Pumzi ilikuwa inamtoka kwa shida, midomo imepauka. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Tumeona," alisema. "Hapa kila mtu anapokea na hakuna anayepokea. Kesho asubuhi tunapanda basi."

Sikubisha. Nilikaa ngazi ya chini yake nikalia kimya kimya, uso kwenye magoti, kwa sababu neno lake ndilo la mwisho na mimi nilikuwa nimelifikia jiji langu nikaligusa kwa siku moja tu.

Mlango wa juu ukafunguka. Wakatoka wanafunzi wakibishana, wamemzunguka mwanamke mrefu mwenye chaki mkononi na vumbi la chaki kwenye sketi. Hawakutuona. Walisimama juu ya vichwa vyetu, na kijana mmoja alikuwa anasisitiza kwamba mahusiano mawili ukiyaunganisha, kuanza na hili au kuanza na lile matokeo ni yale yale.

"Nionyeshe," yule mwanamke alisema. "Usiniambie. Nionyeshe."

Kijana alirudia kwamba ni kila mara. Na mimi, machozi bado yako mashavuni, nilisema bila kugeuka, "Si kila mara. Mjomba wa baba yangu si baba wa mjomba wangu."

Wote walinyamaza. Kisha mmoja akacheka, kijana akakuna kichwa, na ubishi ukalipuka upya, safari hii mimi nikiwa ndani yake, nimesimama, nikimjibu huyu na yule. Nilisahau basi. Nilisahau hata kuku. Nilipokumbuka na kumtazama mjomba, alikuwa ananiangalia kama mtu anayemwona mtoto wake akicheza ngoma ambayo yeye hakumfundisha.

"Wewe ni nani?" yule mwanamke aliniuliza.

"Ni wangu," mjomba alijibu, akiinuka kwa kushika ukuta.

Alikuwa Dokta Koku, mwalimu wa aljebra, mzaliwa wa Bukoba. Alimwamkia mjomba kwa adabu, akamwita baba. Mjomba akamrekebisha kwamba yeye si baba, ni mjomba.

"Sawa mzee. Na baba yake atafika lini?"

"Baba yake yupo Ruangwa, mzima. Mwenye mtoto ni mimi."

"Samahani, kwani baba yake alipatwa na nini?"

"Hakupatwa. Nimesema mzima."

Ilichukua muda. Kwao mtoto ni wa baba, na mjomba ni mgeni wa heshima tu. Dokta Koku aliuliza, mjomba akajibu, mimi nikawa mkalimani kati ya watu wawili wanaosema Kiswahili kile kile. Mwishowe alielewa kinachotakiwa, akauliza swali ambalo karani na mama wa mabweni hawakuliuliza.

"Nikimpokea, natakiwa kufanya nini?"

"Akiugua, uambiwe wewe. Akiharibu, tuambiwe na wewe. Likitokea jambo nyumbani, simu haiji kwake. Inakuja kwako, na wewe unamkalisha."

Dokta Koku aliigeuza chaki mkononi. "Siwezi, mzee," alisema. "Nina wanafunzi wengi, na maisha yangu ni kazi tu. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Nisamehe."

Nilijua sasa yamekwisha. Lakini mjomba alikaa tena kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu Somanga nilimwona uso umefunguka.

"Leo wawili wamekubali bila kuuliza," alisema. "Huyu kauliza, kapima, kakataa. Nnamtaka huyu." Akavua kiatu kimoja, bila aibu, akaunyoosha mguu wake uliovimba ili auone. "Mama, mtoto kanifundisha njiani. Kasema mjomba si mtu, ni nafasi. Mimi mguu wangu huu unauona, na niliyoambiwa hospitali nnayajua mwenyewe. Nafasi ya Mkotokuyana ina mdogo wangu. Ya huku haina mtu. Kaa wewe. Hata kama mwanamke, hata kama si wa kwetu. Hesabu haitikisiki, kasema mwenyewe."

Maneno yangu yalinirudia pale mbele ya watu, na nikasikia jinsi yalivyokuwa. Nilitaka kumwambia mjomba kwamba sikumaanisha hivyo.

Dokta Koku aliutazama ule mguu. Kisha alitia chaki mfukoni, akafuta viganja kwenye sketi, akainyoosha mikono yote miwili. Mjomba aliushika mkono wangu akauweka ndani. Kiganja cha Dokta Koku kilikuwa kikavu, cha vumbi.

"Nimepokea," alisema.

"Kwa sauti, mama."

"Nimepokea!"

Mjomba akampa na kuku. Kuku akapiga mabawa, vumbi la chaki likaruka, wanafunzi wakashangilia kama harusini, na mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Wakapeana namba za simu. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza stendi ya Mbagala. Alikaa dirishani, kofia imenyooka, akaniambia nile vizuri na nibishane na watu, maana ndicho nilichokifuata. Basi lilipoondoka alikuwa ameshaanza kugombana na kondakta. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Kurudi

Jiji lilinipa nilichokitaka. Karibu na mabweni kuna kibanda cha chai chenye spika mbovu na benchi ndefu, na pale tulibishana tukipandishiana sauti juu ya muziki, tukichora kwa vidole kwenye meza yenye maji. Nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, na kila niliposhindwa nilirudi chumbani nimejaa furaha. Dokta Koku naye alijitahidi na kazi asiyoijua. Angesimama katikati ya uthibitisho ubaoni, akageuka, akauliza, "Somoe, umekula?" Darasa lilicheka. Yule kuku, Dokta alikataa kumchinja. Anataga nyuma ya nyumba yake.

Siku ile nilikuwa kibandani mchana, nimeinua kidole nikimpinga mtu. Dokta Koku alikuja. Alikuwa hajawahi kufika pale. Hakusema pole wala hakusema habari. Aliwaomba wenzangu watupishe, akakaa kwenye benchi, akapiga mahali pembeni yake kwa kiganja.

"Somoe, kaa. Mimi ni mjomba wako?"

"Ndiyo."

"Basi Bakari amenipigia."

Sitaandika nilivyolia. Alinishika mkono, na kile kiganja kilikuwa na chaki vilevile.

Nilidhani atanipandisha basi. Alisema mtu aliyepokelewa kwa mkono harudishwi kwao na kondakta, akafunga begi lake. Tulipita Somanga mvua imeanza. Karavati lile bado lilikuwepo peke yake. Nilimwonyesha kwa kidole, nikamwambia hapo ndipo nilipomweleza mjomba hisabati, naye akaendelea kulitazama mpaka likapotea. Mkotokuyana tulikuta wameshazika. Udongo ulikuwa bado mwekundu, na kofia yake ilikuwa juu ya kigogo cha mlangoni, imepigwa pasi.

Mengine mliyaona kwa mbali, lakini hamkusikia, kwa hiyo nawaambia. Matanga yalipoanuliwa wajomba waliketi. Mjomba Bakari ndiye sasa mwenye kauli. Walisema mama yangu amebaki bila kaka mkubwa wa kumwegemea, kwamba Dar ni mbali, kwamba nihamie Mtwara au nikae nyumbani kabisa. Bakari, ambaye hasemi, alisema marehemu aliacha neno kwamba Dar kuna mjomba mwingine na aitwe. Ndipo mkamwona yule mama mrefu akivua viatu na kukaa pembeni ya mkeka. Wengine walinung'unika.

"Tunamtaka mtoto wetu," Bakari alimwambia. "Unasemaje?"

"Mimi mila zenu sizijui," Dokta Koku alijibu. "Najua nilichopokea. Nilikabidhiwa na Mzee Mfaume, na Somoe ameniambia anayemchukua ni yule yule aliyemkabidhi. Nimekuja kumsikiliza marehemu. Hajaniambia nimrudishe."

Mjomba mmoja, mzee kuliko wote, alicheka kidogo. "Bakari sasa ndiye Mfaume. Nafasi ni ile ile. Anaweza kumchukua leo hii."

Na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekaa mlangoni na akina mama, na nilitafuta kasoro katika hoja ile sikuipata, kwa sababu ilikuwa hoja yangu mwenyewe, neno kwa neno. Dokta Koku aliniangalia. Naye aliijua. Yeye ndiye anayeifundisha.

"Ni kweli," alimwambia Bakari. "Ukisema wewe, ninamrudisha."

Mjomba Bakari aliinamisha kichwa. Tulisikia kuku uani, na mtu akitwanga nyumba ya pili. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Nafasi nimekaa," alisema. "Lakini mkono uliomshika huyu mtoto ni wa kaka, na huo tumeuzika juzi. Mimi nitamchukua kwa mkono gani?"

Mzee aliyecheka alitazama chini. Bakari akamgeukia Dokta Koku.

"Nendeni naye salama, mjomba," alimwambia.